Refa akiibeba klabu kubwa, nani anamuuliza?

Assalaam alaykum, wapenzi wa mpira wa Unguja na Pemba. Juzi barazani kwetu Chake Chake mzee wangu mmoja alisema: "Refa ni binadamu. Nyie wa timu ndogo mkifungwa mnatafuta pa kushika." Namheshimu, lakini sikubaliani naye. Makosa ya kibinadamu huangukia huku na kule. Haya yetu mbona yanajua njia ya nyumba moja tu?

Nilikuwapo uwanja wa Gombani siku timu yangu inaongoza bao moja mbele ya klabu kubwa. Dakika tisini zikapita, mpira ukaendelea mpaka tukaacha kuhesabu. Likaja bao la kusawazisha, mfungaji kaotea waziwazi. Mshika kibendera alikwishaanza kunyanyua mkono. Akamtazama refa, akaushusha. Ule mkono unaoshuka sijausahau hadi leo.

Wenzangu wengi hapo husema "kala hongo". Mie siendi huko. Hongo haichagui ukubwa wa timu: Ujerumani mwaka 2004 refa Robert Hoyzer, aliyelipwa na wacheza kamari, aliipa Paderborn penalti mbili za utata dhidi ya Hamburg, na Paderborn ndiyo iliyokuwa ndogo.

Kinachowabeba wakubwa, kwa maoni yangu, ni woga. Wakati wa korona, mwaka 2020, ligi ya huko huko Ujerumani ilichezwa bila watazamaji, na upendeleo wa marefa kwa timu za nyumbani ukapungua. Sheria ilikuwa ile ile, kilichokosekana ni kelele. Sasa mfikirieni refa wetu, ambaye kesho yake anapanda daladala moja na mashabiki aliowanyima penalti. Klabu kubwa ina watu kila kituo. Timu ya kijijini ina nani?

Najua nitaulizwa: mbona Mlandege, timu ya mtaani, iliifunga Simba 1-0 fainali ya Kombe la Mapinduzi 2024 pale Amaan, tena ikiwa bingwa mtetezi? Kweli, na nilifurahi mno. Lakini fainali ile ilikuwa kwenye televisheni, refa akijua kila filimbi yake itarudiwa na kutazamwa na maelfu. Nazungumzia mechi za jioni zisizo na kamera hata moja, ambako pointi tatu zinaamua nani anashuka daraja, na ambako timu imevuka bahari kwa nauli ya kuchangishana.

Sidai matokeo yafutwe. Sheria ya 5 ya soka inasema uamuzi wa refa kuhusu matukio ya mchezo ni wa mwisho, na bila hivyo hakuna mechi itakayokwisha. VAR, yaani kumrudishia refa picha za video, nayo ni ghali, tusidanganyane. Nadai jambo dogo: ripoti ya kamisaa, yaani msimamizi wa mechi, isomwe hadharani, na refa akifungiwa tuambiwe kwa kosa gani na kwa muda gani. Leo tunalalamika, kisha wiki mbili baadaye tunamuona tena katikati ya uwanja na hakuna aliyetujibu.

Watu wa Wete, Mkoani na Unguja, semeni mliyoyaona. Na nyie mliowahi kushika filimbi, nawaomba kwa dhati: siku ile mlipoukaza uamuzi dhidi ya wakubwa, mlitoka vipi uwanjani, na nani aliwasindikiza hadi nyumbani?