Daftari la stoo ya ala za watoto: nisaidieni kulisoma

MwenyeFunguo:

Wakuu, habari zenu. Mimi si mwanamuziki. Mimi ni mhasibu. Nimeingia kwenye haya mambo kwa sababu binti yangu anapiga fidla kwenye okestra ya watoto, na siku ya kikao cha wazazi nikafanya kosa la kukaa kiti cha mbele.

Tulikuwa na mzee mmoja wa stoo. Alifika kabla ya wote, akaondoka baada ya wote, mkononi bisibisi ndogo na kitambaa. Anafanya nini hasa, hakuna aliyeuliza. Siku ya tamasha anashukuriwa mwalimu, wanashukuriwa wazazi, anashukuriwa mpaka aliyetuazima viti, na yeye yuko nyuma ya pazia kashika upinde wa akiba. Miezi miwili iliyopita akapata kiharusi. Anaendelea vizuri, anatembea kidogo kidogo na anaelewa kila kitu, ila maneno bado hayatoki. Funguo nikapewa mimi.

Wiki ya kwanza nikajiambia, kazi gani hii, kufungua na kufunga. Kufika wiki ya tano fidla moja imekuwa bubu, tarumbeta moja nimeiweka kabatini, piano ina noti mbili zinazolia kwa pamoja ukibonyeza moja, na watoto wa fidla za kwanza pinde zao zinapishana kama watu wanaogombea mlango. Ndipo nikalifungua daftari lake. Nanukuu kama lilivyo:

F7 – NGUZO. Usilegeze zote.
T1 – mdomo. USIPIGE!!
K4 mpya – dk 15, wiki 2.
P – 48, 51, 55, 62 dirisha, 57
F za 1: uk. 2 mst. 3, V. Nakili x6.
Shati kijani – mlango – 3/4 Januari.
K2 – 2½ – mimi.

Kurasa arobaini za namna hii. Safu ya P nimejaribu kuijumlisha, haifungi hesabu yoyote ninayoijua. Mwalimu naye anasema "hayo alikuwa anayajua mzee". Kuna mtu humu anaelewa?

fundi_wa_nyuzi:

Dada, nimecheka halafu nikanyamaza. Huyo mzee ni mwenzetu. Nimetengeneza ala za wanafunzi miaka ishirini na sita, na daftari langu ukiliokota utadhani ni la mganga.

Tuanze na F7, maana nadhani ndiyo hiyo iliyokuwa bubu. Fidla namba 7. Chungulia kwenye lile tundu la umbo la f, upande wa uzi mwembamba. Unatakiwa uone kijiti kimesimama wima ndani, kati ya ubao wa juu na wa chini, nyuma kidogo ya mguu wa daraja, kile kibao kinachoinua nyuzi. Hiyo ndiyo nguzo. Haikugundishwa popote, imebanwa tu na mkazo wa nyuzi. Waitaliano wanaiita anima, Wafaransa âme, yaani roho, na hawakutia chumvi: ikianguka, fidla inabaki sanduku. Sasa niambie kweli, hukuzitoa nyuzi zote nne kwa mpigo ili usafishe?

Kama ulizitoa, usizikaze tena. Bila nguzo ubao wa juu unaweza kulalia ndani. Ipeleke kwa fundi. Kuna chuma chembamba kilichopinda kama S, unakiingiza kwenye tundu na kuisimamisha nguzo huku unachungulia kwa kioo cha daktari wa meno. Mara ya kwanza nilimaliza muda wa saa tatu na matusi yote niliyokuwa nayo. Siku nyingine badilisha uzi mmoja, ukaze, ndiyo uende wa pili.

T1. "Mdomo" ni kile kipulizio cha tarumbeta. Kimekwama, na kimekwama kwa sababu watoto wanapenda kukipiga kwa kiganja kisikike "pop". Kila mtoto wa tarumbeta anafanya hivyo, hata umkanye vipi. USIPIGE maana yake usigonge kwa nyundo wala kukibana kwa koleo, utapinda bomba. Kuna kifaa cha kukivutia chenye skrubu mbili, kinafanya kazi kwa dakika moja. Angalia kwenye droo zake, mtu anayeandika alama mbili za mshangao lazima anacho.

K4 ni klarineti mpya, ya mbao bila shaka. Mbao hiyo ni mpingo, mzito kiasi cha kuzama majini. Ikiwa mpya, mtoto akiipuliza saa nzima, ndani inapata joto na unyevu na kuvimba, nje bado baridi, basi inapasuka, mara nyingi kipande cha juu. Kwa hiyo dakika 15 kwa siku, wiki mbili, halafu unaongeza kidogo kidogo. Na ipanguswe ndani kila baada ya kupigwa. Mtoto atasema ameshapangusa. Pangusa tena.

Moja uongeze wewe kwenye daftari: ubao wa fidla ukiachia usimruhusu baba wa mtoto yeyote alete gundi ya kukauka papo hapo. Sisi tunatumia gundi ya ngozi ya mnyama kwa sababu inakubali kufunguliwa kwa joto na maji. Ile nyingine ukiipaka, fundi wa kesho hana mlango wa kuingilia.

MwenyeFunguo:

Shikamoo fundi. Nimekiri: nyuzi nilizitoa zote. Nilitaka kufuta vumbi. Ukiitikisa, kitu kinagongagonga ndani, na mimi nilidhani ni penseli ya mtoto.

Aibu ya pili ni kubwa zaidi. Mimi USIPIGE niliielewa kuwa tarumbeta isipigwe kabisa. Mtoto wa watu nimemkalisha wiki tatu anahesabu mapigo kwa penseli. Kifaa nimekikuta kwenye droo ya chini, kimefungwa kwenye soksi. Kipulizio kimetoka kama kizibo cha chupa.

Kinanda88:

Safu ya P usiijumlishe, utapata wazimu bure. Ni unyevu wa hewa kwa asilimia. Juu ya piano kuna kitu cha duara, kama saa yenye mshale mmoja?

MwenyeFunguo:

Kipo. Nilidhani ni saa mbovu. Nilikiondoa.

Kinanda88:

Kirudishe leo. Piano ina vibonyezo 88 lakini nyuzi zake ni zaidi ya mia mbili, na mkazo wake ukiujumlisha (hapo sasa jumlisha) unafika tani kumi na kitu. Mzigo huo unabebwa na fremu ya chuma, lakini nyuzi zinaukandamiza ubao mwembamba wa sauti, na ubao unakunywa unyevu wa hewa. Unyevu ukipanda unavimba na sauti inapanda, ukishuka unasinyaa na sauti inashuka. Kati ya 40 na 60 hapana neno, usiyumbe sana tu. Siku ya 62 mzee alikuta dirisha limeachwa wazi, akalifunga, na wiki iliyofuata ikarudi 57. Hiyo ndiyo hadithi nzima ya safu yako.

Noti mbili kulia kwa pamoja huenda si tatizo la kutuni, yaani kukaza nyuzi zirudi kwenye sauti yake. Kabla hujamwita fundi, mulika tochi kati ya vibonyezo. Nimetoa humo sarafu, vibanio vya nywele, na siku moja jino la mtoto. Kutuni yenyewe mara mbili kwa mwaka, na umwambie fundi aje baada ya hali ya hewa kubadilika na kutulia. Wengi wanamwita kabla, halafu wanamlaumu yeye.

NotaNaPenseli:

Mstari wa F za 1 ni wangu, mimi ndiye mtunza nota kwetu. V si herufi. Ni alama ya upinde kupanda. Mraba usio na kitako ni upinde kushuka. Kiongozi wa fidla za kwanza anaamua pale mstari wa tatu waanze kwa kupanda, halafu lazima mtu akae aandike alama hiyo hiyo kwenye karatasi za wengine wote. Fidla wanakaa wawili wawili kwenye stendi moja, kwa hiyo "x6" inanipa watoto kama kumi na wawili. Nimekosea?

Pinde zenu zinapishana kwa sababu nusu ya karatasi zina alama mpya na nusu za zamani. Chukua ya kiongozi, nakili. Penseli laini tu, 2B, kalamu ya wino iwe marufuku kama moto. Mwaka kesho kiongozi atakuwa mwingine na atataka kushuka.

Kazi hii ni ya zamani kuliko tunavyodhani. Bach, yule mtunzi wa Kijerumani, alipoanza kazi Leipzig mwaka 1723 alikuwa anatunga kantata (muziki wa kanisani wa waimbaji na ala) karibu kila wiki, na wa kunakili karatasi za waimbaji na wapigaji walikuwa wanafunzi wa shule na watu wa nyumbani kwake. Mnakili mkuu wa miaka ile ya mwanzo alikuwa mwanafunzi, Johann Andreas Kuhnau. Mkewe Bach, Anna Magdalena, naye alinakili mengi. Nikikaa usiku na ufutio wangu huwa nawafikiria hao wawili, kama mkono uliwauma hapa hapa kwenye kidole gumba unaponiuma mimi.

mtu_wa_besi:

Samahani jamani, ila mnamtukuza mtu kwa kutoandika vizuri. Angekuwa na msaidizi au angeandika kwa ukamilifu, leo dada asingekuwa anabahatisha. Kujua jambo peke yako nako ni tatizo.

fundi_wa_nyuzi:

mtu_wa_besi, nusu nakubali. Nusu nyingine: alikuwa anamwandikia nani? Kuna aliyewahi kuomba kuliona? Msaidizi haokotwi. Los Angeles kuna karakana ya shule za umma inayotengeneza ala za wanafunzi bure tangu 1959. Hiyo ina mafundi na meza za kazi, kwa hiyo mmoja akistaafu kuna wa kurithi. Huku kwingine ni mzee na soksi. Hata ile okestra ya Cateura kule Paraguay inayopiga ala zilizoundwa kwa taka, watu wanamjua Favio Chávez anayeiongoza, na anastahili. Lakini aliyeyageuza makopo na mbao za jalalani kuwa fidla ni Nicolás Gómez, mwokota taka pale pale. Muulize mtu yeyote jina hilo uone.

Dada, "shati kijani" ni mtoto. Angalia mlango wa stoo, kuna mistari ya penseli?

MwenyeFunguo:

Ipo mingi, imelala, mingine ina herufi pembeni. Fundi, nilishaandaa kitambaa na sabuni nifute, nikijua ni watoto wamechorachora.

fundi_wa_nyuzi:

Alhamdulillahi hujafuta. Huo ni urefu wa mikono. Mtoto anasimama, ananyoosha mkono wa kushoto, unapima kutoka shingoni hadi katikati ya kiganja. Ikifika kama sentimita 58 anapewa fidla kamili. Akipewa kubwa mapema anajifunza kujikunja, na kumkunjua baadaye ni kazi ya miaka. Huyo wa shati la kijani mzee alimwona anakua, akakadiria Januari atahamia fidla ya 3/4, ndogo kidogo kuliko ile kamili. Mpime tena.

MwenyeFunguo:

Nimerudi baada ya siku tisa. Piano ilikuwa na kibanio cha nywele. Fidla 7 ina roho, fundi wa hapa alitumia dakika kumi. Kiongozi wa fidla za kwanza nilikaa naye, tukanakili wote wawili, na hesabu ya NotaNaPenseli ni sahihi, wako kumi na wawili. Shati kijani sikumjua ni nani mpaka nilipopima watoto wote. Ni binti yangu. Shati lile lilishambana, nilikwisha kuligawa.

Jumapili nilikwenda kwa mzee na daftari. Nilimsomea mstari mmoja mmoja na maelezo yenu, naye anatikisa kichwa ndiyo au hapana. Kwenye USIPIGE nilimweleza nilivyomkalisha mtoto, akacheka mpaka mkewe akatoka jikoni kuangalia kuna nini.

Tulipofika "K2 – 2½ – mimi" akageukia dirishani. Mstari huo hamkuujibu na mimi nilikuwa nimeuruka. Umejirudia mara kumi na moja ndani ya miaka miwili. Sasa nimejua K2 ni klarineti ya mtoto gani, na kwao hali naijua, maana ada yao naiandika mimi. Hizo 2½ ni nini?

fundi_wa_nyuzi:

Ni ndimi za tete, wengine mnaita ridi, kile kibapa kinachofungwa kwenye kipulizio cha klarineti. Namba ni ugumu wake. Haidumu, inachoka au inavunjika ncha, na mtoto asiye na nyingine anakaa kimya. "Mimi" ni yeye. Alikuwa ananunua kwa mfuko wake.

Sanduku lililobaki lina ngapi?

MwenyeFunguo:

Moja, na ina ufa. Tamasha ni wiki ijayo. Ninunue namba ngapi? Ameingia mwaka wa tatu, mwalimu anasema labda 3.

fundi_wa_nyuzi:

Wiki moja kabla ya tamasha usibadilishe kitu. Chukua 2½, sanduku zima. Azijaribu zote, tatu nne hazitafaa, ndivyo zilivyo. Zinazofaa azipige kwa zamu ili zipumzike. Namba 3 mpe moja tu baada ya tamasha, ajaribu nyumbani.

MwenyeFunguo:

Nimenunua. Nimeandika chini ya mstari wake wa mwisho: "K2 – 2½ – OKESTRA." Na zile kumi na moja za nyuma nimeziingiza kwenye vitabu kama deni tunalodaiwa. Kikao ni Alhamisi, na safari hii kiti cha mbele nakikalia kwa makusudi.