Rivolva inapiga chini na saiti zake (vile vilengeo vya juu) hazina skrubu, nifanyeje?

Mnyalu_wa_Texas:
Wakuu habari zenu. Niko Texas huku, nimenunua rivolva ya mkono wa pili, ya risasi aina ya .38 Special, mtutu inchi 4. Shida yake inapiga chini. Nikisimama yadi 15 nikalenga katikati ya karatasi risasi zinatua kama inchi 4 chini na kushoto kidogo, ila zinakaa pamoja, ukiweka ngumi unafunika matundu karibu yote. Saiti ya nyuma si ya kurekebisha, ni mfereji tu umechongwa juu ya fremu, na ya mbele ni kile kipande cha chuma kimesimama juu ya mtutu. Sasa hapo narekebisha nini wakati hakuna hata pa kuweka bisibisi? Natumia risasi za greni 125 (uzito wa kichwa cha risasi) maana ndizo zilikuwa bei poa dukani.

kichuguu77:
Rahisi sana hiyo, inapiga chini si unainua saiti ya mbele, mtafute fundi akuongezee chuma pale juu kazi imeisha.

Babu Tupa:
@kichuguu77 hapana mkuu, akifanya hivyo atazidi kuchimba ardhi. Fikiria hivi, ile ncha ya mbele lazima ionekane sawa na mfereji wa nyuma ndio ufyatue, sasa ncha ikiwa ndefu unalazimika kuinamisha mtutu ili zilingane, na mtutu ukiinama risasi inaenda chini. Saiti ya nyuma unaisogeza kule unakotaka risasi iende, ya mbele ni kinyume chake. Kwa hiyo huyu dawa yake ni kupunguza ya mbele kwa tupa. Na ana bahati, ingekuwa inapiga juu ndio angelia, chuma kirefu unakipunguza ila kifupi ndio mpaka uchomelee.

Lakini Mnyalu USISHIKE TUPA KWANZA. Hiyo "kushoto kidogo" imenishtua, kama unatumia mkono wa kulia basi chini kushoto mara nyingi ni mkono unaogopa mlio, unasukuma bastola sekunde ile ile unavuta traiga. Kwenye rivolva kujipima ni rahisi, mpe mwenzako akujazie risasi 3 na maganda matupu 3 bila wewe kuona, azungushe silinda afunge, halafu piga. Kidole kikiangukia ganda tupu utaona mwenyewe mtutu unavyochovya kama kuku anakunywa maji. Mimi nilifanyiwa hivyo nikaona aibu siku nzima.

Pili badilisha risasi. Rivolva nyingi za saiti za kudumu za .38 zimepangwa kwa greni 158. Kichwa chepesi kinatoka haraka kabla mtutu haujainuka sana na teke, ndio maana kinapiga chini, kizito kinachelewa kidogo humo ndani kwa hiyo kinatua juu zaidi. Watu wengi wanadhani ni kinyume.

Leseni_Nairobi:
Babu amemaliza. Niongeze tu kwa wenye Glock, zile bastola za magazini, msije mkapiga tupa, saiti za nyuma zinauzwa kwa kimo, 6.1, 6.5 ndio ya kawaida, 6.9 na 7.3 milimita. Ikipiga chini weka ndefu zaidi. Na sisi wa huku peleka kwa fundi mwenye kibali, usichokonoe mwenyewe sebuleni.

Mnyalu_wa_Texas:
Wakuu nimerudi. Yale maganda matupu yameniumbua, mtutu ulizama mpaka jamaa aliyenijazia akacheka. Nikaweka mikono juu ya mfuko wa mchanga, risasi za 158, nikavuta taratibu, sasa ni inchi 2 chini na kushoto hakuna tena. Jamaa naye akapiga, inchi 2 hizo hizo. Kwa hiyo hizi 2 zilizobaki ni za bastola yenyewe au?

Babu Tupa:
Sasa ndio ushike tupa. Pima kutoka saiti ya mbele mpaka ya nyuma ni inchi ngapi, zidisha na kosa lako, gawanya kwa umbali wa shabaha, vyote kwa inchi. Mfano ikiwa 5.5, ni 5.5 mara 2 gawa 540 (yadi 15 hizo), unapata 0.02, yaani nusu milimita tu! Hakikisha haina risasi, funga mtutu kwa utepe usikwaruzike, tupa laini, piga juu tu bila kulaza upande. Toa nusu ya hesabu kisha urudi renji, usimalize siku moja.

Mnyalu_wa_Texas:
Ni 5.5 kweli, umejuaje mzee 😂 Nimetoa robo milimita jana, leo inapiga inchi 1 chini. Nimetoa nyingine kidogo sana, imebaki kama nusu inchi, hapo naiacha. Ila ncha imebaki inang'aa, jua likipiga sioni kitu, mnapaka nini?

Babu Tupa:
Dawa ya kutia chuma weusi, ya kupaka baridi, iko kwenye maduka ya silaha. Futa mafuta kwanza ama haitashika. Kwa leo hata makapeni nyeusi inatosha.