Kizunguzungu hakiishi na vipimo vyote viko safi: naombeni ushauri

FundiWaNgamiani

Habari zenu wakuu. Mimi ni mama wa miaka 38, fundi cherehani, naishi Tanga mjini. Tangu masika ya mwaka jana nasumbuliwa na kizunguzungu, na mpaka leo hakuna aliyeniambia naumwa nini. Nimechoka kweli, ndiyo maana nimekuja kwenu.

Ilianza baada ya mafua makali. Niliamka alfajiri chumba kizima kinazunguka, nikatapika, msalani nikaenda kwa kushika ukuta. Nililala kitandani siku kadhaa ndipo kukatulia. Lakini uzima wangu haukurudi. Nikisimama au nikitembea najiona kama niko ndani ya ngalawa. Sokoni watu wakipishana ndiyo nazidiwa kabisa. Vitenge vya maua madogo madogo siwezi kuvikata kwa muda mrefu, kichwa kinaanza kuelea, na ndiyo kazi inayonilisha. Nikilala napata nafuu, isipokuwa nikigeukia upande wa kulia: hapo chumba kinazunguka ghafla, halafu kinatulia.

Nimepima malaria, taifodi, sukari, presha na wingi wa damu. CT-scan ya kichwa tuliuza cherehani moja kuilipia, nayo ikasema kichwa hakina tatizo. Sehemu moja nilipewa dawa za taifodi, nyingine wakasema vidonda vya tumbo, nyingine wakasema ni mawazo. Sasa nameza sinarizini, dawa ya kutuliza kizunguzungu, kila siku kwa miezi. Mama mkwe anasema ni jini, twende kwa mganga. Nianzie wapi jamani? Kuna aliyepona?

Bint_Pangani

Pole sana dada. Mimi changu kilikuwa damu. Nilikuwa na uvimbe kwenye kizazi, hedhi inatoka nyingi, nikaona ni kawaida tu. Wingi wa damu ulisoma 7, wakati mwanamke asiye mjamzito anatakiwa asipungue 12. Kama wewe ulipimwa na iko sawa, basi lako ni jingine. Usikate tamaa.

NesiMstaafu

Mwanangu, pole. Hapo uliposema kugeukia kulia ndipo nilipopashika. Mimi naona hapo kuna vizunguzungu viwili, na kila anayekusikiliza anavichanganya.

Tuanze na hicho cha kitandani. Ndani kabisa ya sikio kuna chembechembe ndogo za chokaa zinazosaidia mwili kujua uko wima au umeinama. Zikibanduka na kuingia kwenye mifereji ya nusu duara, kila ukigeuza kichwa zinasukuma maji ya humo ndani, ubongo unadhani unazunguka. Hudumu chini ya dakika moja. Daktari anakupima kwa mikono tu: unakaa kitandani, anakugeuza kichwa, anakulaza haraka huku anatazama macho yako. Kipimo hicho ni cha Dix na Hallpike, tangu 1952. Macho yakichezacheza kwa namna yake, anajua ni sikio lipi. Kutibu nako ni kukugeuza kichwa hatua kwa hatua mpaka chembe zirudi zilikotoka, njia ya daktari Epley wa Marekani. CT-scan haiwezi kuonyesha chembe hizo hata ukipiga kila wiki.

Cha pili ni hicho cha ngalawa. Shambulio lako la kwanza, yaani siku kadhaa za kuzunguka na kutapika baada ya mafua, linafanana na neva ya mizani ya sikio kuvimba. Wengi hupona ubongo ukishazoea. Wengine neva inatulia lakini ubongo unabaki kwenye tahadhari: unaelea ukisimama, unazidiwa penye watu wengi na penye marembo mengi. Hali hiyo ina jina, PPPD, na mwaka 2017 chama cha kimataifa cha wataalamu wa kizunguzungu, kiitwacho Bárány, kilitoa vigezo vyake, kimojawapo kikiwa dalili kuwepo siku nyingi kwa miezi 3 au zaidi. Sikuambii ndiyo ugonjwa wako. Andika herufi hizo kwenye karatasi, umuulize daktari wa masikio, pua na koo.

Na hiyo sinarizini kaiulizie mapema. Siku za mwanzo inasaidia. Ikimezwa miezi inauchelewesha ubongo kujifunza mizani upya, na kuna watu inawaletea kutetemeka na kukakamaa viungo.

Nijibu: masikio yanavuma? Yanaziba? Unasikia vizuri pande zote mbili?

FundiWaNgamiani

Shikamoo mama. Hayavumi, na nasikia vizuri. Nimelia kusoma maelezo yako, ni mara ya kwanza mtu ananitenganishia mambo haya. Je, nitafute pesa za MRI, ile picha ya kichwa ya kina zaidi?

NesiMstaafu

Marahaba mwanangu. Usiuze kitu kingine kwanza. Ungekuwa na sikio moja linalovuma na kupoteza usikivu, au kizunguzungu cha kuja kwa masaa pamoja na sikio kujaa, ningefikiria mengine, kama ugonjwa wa sikio la ndani uitwao Ménière. Omba kipimo cha usikivu, kisha daktari ndiye aseme kama MRI ina kazi. Anzia hospitali ya Bombo hapo hapo Tanga. Ikibidi watakuandikia rufaa, maana hospitali kubwa za Muhimbili, KCMC na Bugando zina idara za masikio. Kama una bima, hiyo barua ya rufaa usiipoteze.

MzeeWaKorogwe

Nichangie kidogo kwa wengine wanaosoma. Mimi nilikuwa napepesuka kila nikiinuka. Presha wananipima nimekaa, wanasema nzuri. Daktari mmoja akanipima nimelala, akanisimamisha, akanipima tena ndani ya dakika 3. Ile ya juu ilishuka zaidi ya 20. Kumbe dawa zangu za presha zilikuwa na nguvu kupita mahitaji yangu, akazipunguza yeye mwenyewe. Msijipunguzie wenyewe.

Mama_Salha

Dada, kuhusu mama mkwe usigombane naye. Dua isomwe, haina ubaya. Ila dawa ya kunywa au kujifukiza usiyoijua ikatae kwa adabu, useme umekatazwa kuchanganya na za hospitali. Na nyumbani wote wajue: kizunguzungu kikija na mdomo kwenda upande, ulimi kuwa mzito, kuona vitu viwili viwili, mkono kulegea au kushindwa kabisa kusimama, hapo ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Kaka yangu alikuja na dalili hizo tukasema tusubiri kupambazuke. Ilikuwa kiharusi.

MwalimuWaChaki

Mimi nimepitia hicho cha ngalawa. Nilikuwa siwezi kuandika ubaoni na kugeuka kuwatazama wanafunzi. Kilichonisaidia ni mazoezi ya mizani kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Unabandika herufi ukutani, unaikazia macho huku unageuza kichwa kushoto na kulia, kwanza umekaa, baadaye umesimama. Unatembea kila siku. Mwanzoni kizunguzungu kinazidi kidogo, na hapo ndipo wengi wanaacha. Mimi nilichukua miezi kuona tofauti.

Daktari aliniongezea pia setralini, dawa ya sonona na wasiwasi, kwa kiwango kidogo. Nilikasirika, nikadhani ananiona nina wazimu. Akanieleza kwamba inasaidia ubongo kutuliza ile tahadhari, haihusiani na kuambiwa unajifanyisha. Dada, kizunguzungu chako ni cha kweli. Hofu imekuja juu yake, na hofu nayo inakiongeza.

FundiWaNgamiani

Wapendwa, narudi na majibu. Nimeonana na daktari wa masikio. Alinilaza kichwa upande wa kulia, macho yakacheza, akamwita mwenzake aone. Akanigeuza hatua kwa hatua, nikapata kichefuchefu kikali. Siku chache baadaye nikalala kulia bila chumba kuzunguka! Alhamdulillah. Sinarizini wameisimamisha.

Cha ngalawa bado kipo. Ile karatasi ya PPPD aliisoma, akasema inawezekana sana, amenipeleka fiziotherapia. Swali langu ni kazi: wateja wa sare za shule wanakuja, je, niendelee kushona au nipumzike mpaka nipone?

MwalimuWaChaki

Hongera sana! Shona, usijifungie ndani, kulala sana kunachelewesha. Anza na sare maana ni kitambaa cha rangi moja, vitenge vya marembo uongeze kidogo kidogo. Kata asubuhi ukiwa na nguvu, na kila baada ya muda inua macho utazame mbali. Usipande kwenye stuli kuchukua majora, mwambie kijana akushushie. Na muulize mtaalamu wako kama zile herufi za ukutani unaweza kuzibandika mbele ya cherehani.

NesiMstaafu

Naongezea: chembe za sikio zinaweza kurudi, kwa watu wengi tu. Kitanda kikizunguka tena usiogope wala usianze dawa za taifodi, rudi kwa daktari huyo huyo akugeuze upya.