MREJESHO: Mapacha wa miezi 7, pampasi na nyumba iliyonishinda

Habari zenu wapendwa. Mwezi wa pili nililia hapa kwamba pampasi za mapacha zinamaliza hela ya matumizi, na nguo zimejaa hadi kwenye makochi. Asanteni sana kwa ushauri wa nepi, ndoo, unga wa lishe na daftari la matumizi, hata yule aliyenichamba kidogo.

Nimefuata ushauri wa nepi za kitambaa mchana, pampasi usiku tu. Zamani nilitumia kama 12 kwa siku kwa wote wawili, sasa ni 4. Nepi 30 zinatosha, nikiloweka usiku na kufua alfajiri kabla hawajaamka. Ila masika ilivyoanza nilikoma! Nepi hazikauki siku mbili, chumba kizima kinanuka unyevu. Wiki hizo nilirudi kwenye pampasi bila aibu, na baba yao alinuna.

Ndoo mbili za nepi chafu zenye mifuniko, moja ya zenye mikojo na nyingine ya zenye kinyesi, zimeniokoa kuliko kitu chochote. Makochi yanaonekana sasa.

Unga wa lishe wa kuchanganya nafaka saba ulinishinda. Mmoja alifunga choo siku tatu, na nesi wa kliniki akasema nianze na nafaka moja moja. Nimebaki na uji wa ulezi, naongeza maziwa au karanga za kusaga.

Daftari la matumizi niliandika siku tisa, likapotea. Juzi nimelikuta, limetafunwa kona zote.