Simu kujaa kwa sababu ya kundi la kamati ya harusi

Mkazi wa Majengo, Moshi: Wadau, tangu vikao vianze simu yangu imejaa video hata nashindwa kupokea oda za wateja wangu wa Soko la Mbuyuni. Nifanyeje bila kujitoa kwenye kundi, jambo ambalo mashangazi hawatalisamehe?

Mdau wa Njiro: Zima upakuaji wa moja kwa moja katika mipangilio ya WhatsApp.

Fundi simu, Arusha: Hilo halifuti zilizokwisha kuingia. Fungua sehemu ya kusimamia hifadhi, ambako mafaili yanayozidi MB 5 yamewekwa pamoja, ufute usiyoyahitaji. Kwenye Android, nakala rudufu (backup) ya WhatsApp nayo huhesabiwa ndani ya GB 15 za bure za Google.

Mkazi wa Majengo: Ahsante, fundi. Nitahifadhi kwanza picha za miamala ya michango, maana mweka hazina wetu ni msahaulifu.