Aliye ndani ya lipiko atajwe jina au asitajwe?

Mzawa wa Newala: Wakuu, washereheshaji wa matamasha wameanza kumtaja jina aliye ndani ya lipiko, kile kinyago cha kuvaliwa kwenye ngoma ya Wamakonde. Ni haki yake kama msanii au ni kuvunja miko? Mimi nasema asitajwe. Lipiko linameza kichwa kizima, nguo zinafunika mwili hadi vifundoni ngozi isionekane, na yote hayo ni ili wanawake na wasiopita jando wasimjue. Ukishamtaja, nguo zote zile ni za nini?

Korosho Ghafi: Atajwe! Msanii asiye na jina halipwi. Wenzetu Ulaya wanamheshimu msanii hadi kaburini, Beethoven ana mafuvu mawili kaburini mwake mpaka leo. Sisi mtu anabeba kinyago cha mpingo kichwani, kisha anaondoka kama mpita njia?

Binti Mikindani: Si Beethoven kaka, ni Haydn, yule mtunzi wa muziki wa Austria, na ile haikuwa heshima, ulikuwa wizi. Alifariki Vienna mwaka 1809. Watu waliotaka kupima fuvu lake wajue kipaji kinakaa wapi walimhonga mchimba kaburi. Mwaka 1820 kaburi lilipofunguliwa ahamishiwe Eisenstadt, likakutwa wigi, kichwa hakuna. Polisi walipokwenda kupekua, fuvu likatiwa ndani ya godoro, mke wa mwizi, ambaye naye alikuwa mwimbaji wa opera, akajilaza juu akisema yumo mwezini. Polisi wakaona haya. Baadaye wezi wakakabidhi fuvu la mtu mwingine. La kweli lilirudi mwaka 1954 na lile bandia halikuondolewa.

Korosho Ghafi: Haydn, Beethoven, wote wanamuziki. Hoja yangu iko palepale.

Fundi Patasi: Haipo palepale. Kinyago cha mpingo umekiona kimevaliwa wapi? Mpingo ukiutia kwenye ndoo ya maji unazama! Mapiko huchongwa kwa mti mwepesi, tena ungali mbichi. Unachimbwa ndani mpaka kuta ziwe nyembamba na zilingane. Upande mmoja ukiwa mnene na mwingine mwembamba, mwembamba unawahi kukauka, unasinyaa, mnene unauzuia, ufa unatokea hapo hapo. Unakaushwa kivulini, si juani. Nywele ni za binadamu, zinashikizwa kwa nta.

Korosho Ghafi: Maduka ya vinyago yamejaa mpingo. Usitufanye watoto.

Fundi Patasi: Vile ni vya kuweka mezani, bwana. Geuza kimoja uangalie chini: hakuna tundu la kupitisha kichwa.

Mtu wa Kilwa: Mnaudharau mpingo bure. Klarineti na obo, zile ala za muziki za kupuliza, zinatengenezwa kwa mpingo, na magogo mengine yanatoka misitu ya vijiji huku kwetu.

Fundi Patasi: Nazo zinapasuka. Pumzi ina joto na unyevu, ndani ya bomba panavimba, nje pakiwa na baridi hapavimbi. Ndiyo maana klarineti mpya hupigwa dakika 10 hadi 15 tu kwa siku wiki za mwanzo, kisha inafutwa ndani kwa kitambaa.

Mtu wa Kilwa: Basi utajwe mti kwanza. Mpigaji anatajwa, kiwanda kinatajwa, Kilwa haitajwi popote. Inauma.

Mzawa wa Newala: Jamani, lipiko.

Binti Mikindani: Kabla ya jina, tuanze na maikrofoni. Lipiko huvaliwa limelala kidogo kwa nyuma, na mchezaji anaonea kwenye mdomo wa kinyago. Mshereheshaji anadhani mdomo ule ni wa kusemea, anausogezea maikrofoni. Pale ndipo macho ya mtu yalipo! Amemziba, na yule yuko katikati ya ngoma, watoto wamejaa miguuni.

Korosho Ghafi: Hilo nakubali. Basi atajwe akishalivua.

Mzawa wa Newala: Alivue mbele ya nani?