Rafiki haagizi chakula, kikifika anakula cha kwangu. Nimwambieje?

Habari wadau, naombeni ushauri. Tuko mashosti watatu, kila mwisho wa mwezi tunatoka kwenda kula, sasa mmoja mhudumu akija anasema hana njaa, niletee maji tu. Juzi nimeagiza chipsi kuku, robo ya paja, nikamkaribisha kama ilivyo kawaida yetu, basi kamega upande wote wenye nyama, kachumbari kamaliza, nikabaki na mfupa na njaa yangu ikabidi niagize mishikaki. Kazi anafanya, na roho yake nzuri sana, nilivyolazwa mwaka jana ndo alikuwa ananiletea uji asubuhi. Sitaki tugombane kisa kuku, na kula bila kumwambia karibu siwezi, sikulelewa hivyo.

Jibu 1
Pole dada. Sisi kwenye nyama choma tunachanga kabla ya kuagiza, tukishajua hela iko ngapi ndo tunasema kilo moja au moja na nusu na ndizi, mnanawa mnakula wote. Shida inakuja kila mtu akiwa na sahani yake halafu mmoja hana.

Jibu 2
Mie mtu wa Unguja, tumekulia kwenye sinia. Ukipeleka mkono upande wa mwenzio unakatazwa hapohapo, kula kilicho mbele yako, ndivyo Mtume alivyomfundisha mtoto aliyekuwa mkono wake unazunguka sahani nzima. Nyama inakaa katikati, mkubwa ndo anaigawa, anakusogezea kipande chako. Kwa hiyo kula pamoja hakujawahi kuwa bila mipaka. Omba sahani tupu, mpakulie mwenyewe fungu lake ukimwambia karibu, hapo umemkirimu na chako kimebaki.

Jibu 3
Umeshamuuliza kwa nini haagizi? Mtu mwenye kazi anayekunywa maji tu tarehe 30 huenda ule mshahara una wenyewe. Muulize mkiwa wawili, sio mezani.

Muuliza swali
Jibu 3 umenigusa, mdogo wake kaanza chuo na yeye ndo anamlipia ada, alishanambia ila sikuunganisha. Na ile ya sahani nimeipenda. Jumamosi naagiza kuku nusu na sahani mbili, yeye namuanzia paja. Asanteni, nitaleta mrejesho.